Spurs na chaguo namba 2: Wachukue kijana au wanunue nyota?

Juni 25, 2025 mjini New York, timu za ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, zilichagua wachezaji chipukizi katika zoezi linaloitwa drafti. Dallas Mavericks walianza, na wengi walitarajia wamchukue Cooper Flagg wa Chuo Kikuu cha Duke. Swali gumu lilikuwa kwa waliofuata, San Antonio Spurs. Je, wachague kijana, au waitoe nafasi hiyo wapate nyota aliyekwisha komaa?

Watanzania tunaijua nafasi hiyo. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchagua Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam akiwa namba 2. James Harden alichukuliwa namba 3, Stephen Curry namba 7. Kabla ya misimu miwili kwisha, Memphis walikuwa wamemhamishia Thabeet Houston. Ndiyo maana walikuwapo waliosema drafti ni kununua mbuzi kwenye gunia, na kwamba Spurs wamfuate mtu kama Giannis Antetokounmpo wa Milwaukee Bucks.

Walikuwa na mfano. Mwaka 2014 Cleveland walimtoa Andrew Wiggins, namba 1 wa mwaka huo, wakampata Kevin Love. Mwaka 2016 wakawa mabingwa.

Lakini Cleveland walikuwa na LeBron James mwenye miaka 29, hivyo hawakuwa na muda wa kumsubiri kijana akue. Nyota wa Spurs, Victor Wembanyama, alikuwa na miaka 21 wakati wa drafti ya 2025. Antetokounmpo alikuwa na 30. Wembanyama angefika kilele chake wakati mwenzake huenda ameanza kushuka.

Kulikuwa pia na hesabu ya fedha. Mchezaji wa chaguo namba 2 wa mwaka 2025 angelipwa takriban dola milioni 12 msimu wa kwanza. Antetokounmpo angelipwa zaidi ya milioni 50 msimu huo. Mkataba wa Wembanyama wa wakati huo ungeisha mwaka 2027, na mshahara wake ungepanda sana. Hapo timu ingehitaji wachezaji wazuri wasio ghali.

Hoja nzito ya upande wa pili ilikuwa kwamba aliyetajwa sana kwa namba 2, Dylan Harper wa Rutgers, alicheza nafasi ya mlinzi, ambako tayari walikuwapo De'Aaron Fox na Stephon Castle, chipukizi bora wa msimu wa 2024/25. Ni kweli wangebanana. Hata hivyo, kijana anaweza kuuzwa baada ya mwaka mmoja akionekana hafai. Nafasi ikishatolewa hairudi.

Tena Februari 2025 Wembanyama alikosa msimu uliobaki baada ya kugundulika damu imeganda begani. Spurs walimaliza na ushindi 34 katika mechi 82. Timu iliyoyumba hivyo ilihitaji kuongeza watu, na kubadilishana na Milwaukee kungewalazimu kutoa wachezaji kadhaa kwa mmoja.

Kwa hiyo ilifaa Spurs wabaki na namba 2. Kosa la Memphis mwaka 2009 lilikuwa kumchagua asiyefaa, na dawa yake ilikuwa kuchunguza vizuri zaidi kabla ya Juni 25, 2025.