Nyumba ya Kipupwe na Kodi ya Rafiki

Mwezi uliopita tuliahidi kusema kidogo juu ya amana, na leo twatimiza ahadi yetu kwa kuufungua mlango mmoja tu. Mlango wenyewe watu wengi huuona mdogo, nao umeshawagombanisha watu waliokuwa wakila sahani moja. Mtu ana nyumba ambayo yeye hukaa ndani yake miezi michache ya mwaka, na rafiki yake amwambia, "Nipe mimi nikae ile miezi ambayo wewe hupo."

Nyumba za namna hii si jambo geni kwetu. Wazee wetu wa Unguja na Pemba waliokuwa na mikarafuu walikuwa na nyumba ya mjini na nyumba ya shamba, na ulipofika wakati wa kuchuma, jamaa huhamia shamba na masufuria yao na mikeka yao hadi karafuu zimekwisha kuanikwa. Siku hizi mambo yamegeuka sura. Jamaa zetu walioko Maskati, na wengine Dubai na Uingereza, wamejenga nyumba za kupumzikia katika pwani ya mashariki ya Unguja, Jambiani, Paje na Bwejuu. Mwezi wa Juni joto la Maskati hupita digrii 40, skuli zimefungwa, na huku kwetu ni kipupwe na upepo wa kusi. Basi huja na watoto wao, wakakaa mpaka mwisho wa Agosti, kisha wakafunga mlango wakaenda zao.

Na nyumba iliyofungwa msidhani kuwa imepumzika. Hewa ya chumvi yala bawaba na makufuli, mchwa wala milango, popo waingia darini, na masika yanapoanza mwezi wa Machi makuti yaliyooza hupitisha maji mpaka kwenye magodoro, na hapana mtu wa kuweka hata ndoo. Kwa hiyo mwenye nyumba amhitaji mkaaji, na mkaaji ahitaji nyumba, na wote wawili wamejuana tangu utotoni. Kheri ipo wazi. Ubaya huanzia katika maneno yasemwayo siku ya kwanza, au tuseme katika maneno yasiyosemwa.

Sisi tulikuwapo siku moja kama hiyo, na twakiri kuwa sehemu ya kosa ilikuwa yetu. Walikuwa mabwana wawili waliosoma katika chuo chetu, msahafu mmoja na mkeka mmoja. Mmoja alikwenda Maskati akajaaliwa, akajenga nyumba Jambiani. Mwenziwe alibaki hapa, na mamaye mzee alikuwa ameshauriwa akae mahali penye hewa nzuri. Walikutana barazani kwetu baada ya sala ya Alasiri, na yule wa pili akataja haja yake kwa haya, akauliza kodi itakuwa kiasi gani. Mwenye nyumba akamkata kauli. "Sahibu yangu, wewe wa kuniuliza mimi kodi? Kaa tu, niangalizie nyumba, na patakapoharibika patengeneze. Baina yetu hapana hesabu." Wakapeana mikono. Nasi tulifurahi, tukawaombea Mungu awazidishie mapenzi, tukaagiza kahawa. Hatukusema, "Andikeni." Miaka mingi tumewafundisha vijana aya ya 282 ya Suratul Bakara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Kurani, ambayo yaamrisha kuandika deni la muda uliotajwa, liwe dogo au kubwa, na siku ile tulinyamaza kwa kuwa tuliona aibu kuleta karatasi mbele ya mapenzi.

Mwaka uliofuata mwenye nyumba alikuja Juni na jamaa saba. Alikuta chumba chake cha ndani kimelaliwa na mama mgonjwa, asiyeweza kuhamishwa wiki ile. Alilala sebuleni mwa nyumba yake mwenyewe, na watoto wake wakalazwa kwa jirani. Siku ya tatu alisikia kwa watu wa kijiji kuwa mwezi wa Disemba nyumba ilikaliwa na wageni wa kizungu siku kumi, na fedha zikachukuliwa. Alipouliza, mwenziwe hakukana. Alisema fedha zile ndizo zilizonunua makuti mapya na pampu ya maji, na zilipokwisha alitia zake. Mwenye nyumba akapiga hesabu ya kodi ya miezi tisa kwa bei ya watalii. Mkaaji akapiga hesabu ya makuti, fundi, pampu na mlinzi. Kila mmoja alikuwa na karatasi mkononi, karatasi ambayo ilipasa kuandikwa mwaka mmoja kabla yake.

Tulijaribu kuwapatanisha, tukashindwa, tukawapeleka kwa shekhe mwenye ilimu kuliko sisi. Aliwasikiliza wote, kisha akauliza swali moja. "Siku ile mlisema kodi, au mlisema azima?" Wakatazamana. Hapana aliyeweza kujibu, wala sisi tuliokuwa mashahidi.

Swali hili vijana walishike vizuri, kwani hukumu yote yaligeukia. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, azima na kodi ni vitu viwili. Aliyeazimwa nyumba halipi kitu, lakini mwenyewe aweza kuitaka siku yoyote, na aliyeazimwa hana ruhusa ya kumkodisha mtu mwingine. Na kitu cha azima kikiharibika kwa jambo lisilo matumizi yaliyoruhusiwa, aliyeazima hukilipa hata kama hakuzembea. Mkodi yeye hulipa, lakini muda wake ni haki yake, mwenye nyumba hawezi kumtoa katikati. Na mkono wake ni mkono wa amana, halipi kilichoharibika ila akizembea au akivuka mpaka. Hata mmoja wao akifa kabla ya muda kwisha, mkataba wa kodi haukatiki, warithi hushika mahali pake. Basi rafiki aliyekaa bila ya kujua amekaa kwa lipi, hajui hata kitasa kikivunjika ni juu ya nani.

Na lile neno "kaa tu, na patakapoharibika patengeneze" watu hulisema kila siku, wakidhani ndio ukarimu wenyewe. Vitabu vya fikihi tunavyosomesha hapa pwani vimelitaja waziwazi: kodi ya nyumba haisihi ikiwa ujira wake ni matengenezo, kwa sababu haijulikani yatakuwa kiasi gani. Huenda mwaka mzima pasiharibike ila bawaba moja, na huenda dari lote likaanguka. Njia iliyo safi ni kutaja kodi kwa fedha zinazojulikana, na mkataba ukishakamilika mwenye nyumba akampa mkodi idhini ya kutoa katika kodi ile gharama za matengenezo, na kila kinachotolewa kikaandikwa. Fedha ni zile zile, makuti ni yale yale, lakini sasa kila mtu ajua yake.

Wako watakaosema kuwa kutaja bei kwa rafiki ni ubahili. Nasi twawauliza, ni urafiki gani uliozidi ule wa Mtume (s.a.w.) na Sayyidna Abubakar? Wakati wa kuhama Makka, Abubakar alikuwa amelisha ngamia wawili kwa ajili ya safari ile, akamtolea Mtume mmoja wao. Mtume hakumkubali ila kwa bei. Na walipofika Madina, kiwanja cha msikiti kilikuwa cha mayatima wawili, Sahl na Suhayl, nao wakataka kukitoa bure. Akakataa mpaka akakinunua. Tena katika Suratul Kasas mtasoma khabari ya Nabii Musa na yule mzee wa Madyan. Mzee alitaka kumwoza binti yake, na hata hivyo muda wa kazi ulitajwa: miaka minane, na akitimiza kumi ni kwa hiari yake. Ukwe haukuwazuia kuhesabu miaka.

Ikiwa mwenye nyumba ataka kumpunguzia sahibu yake, hilo ni jema, lakini alipunguze likiwa na jina. Aseme, "Kodi ya mwezi ni kadha wa kadha, nami nimekusamehe thuluthi." Hapo mkaaji ajua amepewa zawadi, na ajua ukubwa wake, na mwenye kutoa hatakuja kuizidisha moyoni mwake siku atakapokasirika. Zawadi isiyo na kipimo hukua kila mwaka katika kichwa cha aliyeitoa, na hupungua katika kichwa cha aliyeipokea. Haya tumeyaona kwa macho yetu.

Muda nao uwe wa tarehe, kwa mfano tangu mosi Septemba hadi tarehe 31 Mei, wala usiwe "mpaka nitakapokuja". Na kwa kuwa mazungumzo aghlabu huwa Julai, mwenye nyumba akiwa yupo, yafaa mjue kuwa katika madhehebu yetu kodi ya nyumba fulani haifungwi leo kwa muda utakaoanza baadaye; yasemwayo Julai ni ahadi, na mkataba hufungwa siku ufunguo unapotolewa. Siku hiyo watu wawili hao wazunguke nyumba pamoja, wahesabu magodoro, vyombo, feni na jokofu, watazame dari wakati jua lipo juu, kwani tundu la makuti huonekana mchana kuliko usiku. Chumba kimoja kifungwe kiwe cha mwenyewe na vitu vyake. Waseme umeme na maji ni juu ya nani. Waseme wageni wa kulipa watapokewa au hawatapokewa, maana katika mwambao ule siku kumi za Disemba zaweza kuleta fedha kuliko miezi kadhaa ya masika, na hapo ndipo moyo wa mtu mwema hupata mtihani. Waseme pia juu ya pombe, ikiwa wageni wataruhusiwa. Na wake zao wasiachwe nje ya mazungumzo, kwa kuwa wao ndio wanaojua sufuria ipi ya nani. Tumewahi kuona ugomvi wa nyumba ya ghorofa ulioanza kwa kinu.

Tutoke kidogo katika njia. Neno "msimu" tumelipata katika Kiarabu, nalo kwao laitwa hivyo hata juu ya majira ya Haji, na kodi ya nyumba za msimu iliwashughulisha maulamaa wakubwa. Imamu Abu Hanifa alichukia kuwakodisha mahujaji nyumba za Makka katika siku za Haji. Imamu Shafi aliijuzisha, na katika hoja zake alitaja kuwa Sayyidna Umar alinunua nyumba Makka ya kufanya jela, na kitu kisicho na mwenyewe hakinunuliwi. Twalitaja hili ili vijana waone kuwa maswali ya nyumba na kodi si maswali ya madalali tu.

Turudi kwa mabwana wetu. Shekhe aliona kuwa mapatano yao hayakuwa kodi sahihi wala azima iliyo wazi, akawafanyia suluhu: mkaaji alipe ujira wa mfano, yaani kiasi ambacho watu wa Jambiani hulipana wenyewe kwa nyumba kama ile kwa mwaka, si bei ya mtalii ya usiku mmoja, na humo yatolewe makuti na pampu na fundi, kwa kuwa matengenezo yaliruhusiwa kwa mdomo wa mwenyewe. Fedha za wageni zikaingizwa katika hesabu hiyo hiyo. Walipomaliza kujumlisha, kilichobaki kilikuwa kidogo mno, hata wote wawili waliinamisha vichwa. Lakini hawakuwa wamegombania hicho. Mwenye nyumba alisema kilichomuuma ni kusikia khabari ya wageni kwa watu wa nje. Mwenziwe akasema kilichomuuma yeye ni kuwa mamaye alisikia maneno ya sebuleni usiku ule, akataka kuondoka na homa yake.

Mwaka uliofuata nyumba ilifungwa tupu, na masika yakaingia ndani. Mwaka wa pili yake mwenye nyumba alituletea salamu kutoka Maskati kwa simu, akauliza kama sahibu yake angekubali tena. Alikubali kwa sharti la karatasi. Tuliiandika sisi kwa mkono wetu, barazani pale pale, na mashahidi wawili, nakala moja ikapelekwa Maskati na moja ipo katika sanduku letu la vitabu. Juni hii mwenye nyumba alipofika, ufunguo aliukuta kwa jirani. Mkaaji na mamaye walikuwa wamehama siku tatu kabla, tangi la maji limejaa, na juu ya meza pana daftari la matengenezo na risiti zake. Pampu ilikuwa imeharibika tena mwezi wa Aprili. Nusu ya gharama yake haikuwa imekatwa bado katika kodi, nayo ikaandikwa katika mstari wa kwanza wa mwaka mpya.