Hata miungu walichomwa mkuki
Ndugu mwandishi, hapo uliposema miungu wa Kigiriki walikuwa "wenye uwezo wote" nakupinga. Zeus mwenyewe hakuwa hivyo. Katika Iliad, utenzi wa Homer, kitabu cha 16, anamwona mwanawe Sarpedon yu karibu kuuawa na Patroclus, anatamani kumnyakua kutoka vitani. Mkewe Hera anamkanya kwamba wenzao nao watataka kuwaokoa watoto wao. Mkubwa wa miungu akanywea, akaishia kunyesha mvua ya damu.

Na Aphrodite, mungu wa mapenzi, je? Kitabu cha 5, Diomedes, binadamu tu (ingawa kwa kuchochewa na Athena), anamchoma mkuki karibu na kiganja. Kinachotoka si damu kama yetu bali ikori, maana miungu hawali mkate wala hawanywi divai. Akakimbilia kwa mama yake Dione kubembelezwa!

Tena miungu hawa hawakuumba ulimwengu, walizaliwa ndani yake. Zeus alipata enzi kwa kumpindua baba yake, Kronos. Walichotuzidi hasa ni kutokufa. Tabia? Wivu, uzinzi, visasi. Mwanafalsafa Xenophanes aliwalaumu washairi Homer na Hesiod kwa kuwapa miungu tabia hizo hata kabla ya Socrates, kwa hiyo si Wagiriki wote waliokuwa wakimeza tu hadithi hizo.