Kabla ya kumwambia "kesho usirudi", ongea na wakili kwanza

Kama una biashara ndogo hapa Kitengela, iwe kinyozi, saluni, duka la vifaa vya ujenzi au kibanda cha nyama choma, na umeajiri hata mtu mmoja, hii stori ni yako. Na kama wewe ndiye uliyeajiriwa, usiende. Upande wako pia uko humu.

Anti yangu anauza vifaa vya ujenzi karibu na barabara ya Namanga. Unajua vile mji huu unajengwa: kila wiki ploti mpya, na kila ploti inataka saruji, mabati na misumari. Mwaka jana alihesabu stoo akapata mifuko sita ya saruji haipo. Akamshuku kijana wake wa dukani, aliyekuwa amemfanyia kazi miaka miwili. Jioni hiyo akampigia simu: "Kesho usirudi." Akamtumia pesa za siku alizofanya kwa M-Pesa, akalala.

Wiki tano baadaye ikaja barua ya madai kutoka kwa wakili wa kijana. Anti alicheka kwanza. "Mwizi ndiye ananishtaki mimi?" Akaniita niisome. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, lakini kwa familia yetu bado ndiye huitwa barua ya Kiingereza ikifika. Nilipofika ukurasa wa pili, hakuna aliyekuwa anacheka.

Ngoja nikueleze kosa lilikuwa wapi. Sheria ya Ajira ya 2007 inauliza mwajiri maswali mawili: ulikuwa na sababu ya kweli ya kumfuta huyu mtu, na ulifuata utaratibu? Wengi wetu tunajua la kwanza tu. Kifungu cha 41 kinasema kabla ya kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu, lazima umweleze makosa yake kwa lugha anayoielewa, akiwa na haki ya kuja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama, kisha umsikilize anavyojitetea. Hata kwa wizi. Ukiruka hatua hiyo, korti inaweza kusema ulimfuta isivyo haki, hata kama saruji aliiba kweli.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo jasho hutoka. Kijana alikuwa analipwa Sh18,000 kwa mwezi. Notisi ya mwezi mmoja, Sh18,000. Likizo ya kila mwaka ni siku 21 za kazi, na hakuwahi kupewa. Kwa miaka miwili hizo ni siku 42, kama Sh29,000 ukigawa mshahara kwa siku 26. Halafu fidia ya kufutwa isivyo haki, ambayo korti inaweza kupandisha hadi mshahara wa miezi 12: Sh216,000. Jumla inapita Sh260,000. Korti haitoi miezi 12 kwa kila mtu, huangalia mtu alifanya kazi muda gani na kama yeye mwenyewe alichangia kufutwa. Lakini duka la mtaani linaweza kufungwa hata na nusu ya hiyo pesa.

Anti alijaribu kujitetea kwangu kana kwamba mimi ndiye jaji. "Lakini alikuwa kibarua tu, hatukuandikiana kitu." Hapo ndipo alipojimaliza. Kifungu cha 37 kinasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi, anaweza kuhesabiwa kama mfanyakazi wa mwezi, na haki zake zote zinamfuata. Na kukosa mkataba wa maandishi hakumsaidii mwajiri. Kuandika ni kazi yake, kwa hivyo yeye ndiye atakayetakiwa kuthibitisha mlikubaliana nini.

Kitengela inajua umuhimu wa wakili. Agosti 2024, wanaharakati watatu walipotekwa nyara hapa mjini, Chama cha Mawakili Nchini (LSK) kilienda kortini kudai watolewe, na walionekana tena mwezi uliofuata. Kizazi chetu kilijua Katiba kifungu cha 37, cha haki ya kuandamana, kama sala. Sasa vijana hao hao wanasoma kifungu cha 41, cha haki za wafanyakazi. Mfanyakazi wako ana simu, ana bando, na anajua amepewa miaka mitatu ya kukushtaki. Wewe mwenye biashara, umesoma nini?

Nasema hivi nikiwa nimekaa pande zote mbili. Niliwahi kufutwa kazi ya saiba kwa meseji ya WhatsApp, mistari miwili, na sikujua hata cheti cha kazi ni haki yangu. Ningejua, mwajiri wangu angekuwa pale Anti alipo. Kwa hivyo sikuambii utafute wakili ili umkomoe mtu. Mtafute ili usimvunjie mtu haki yake kwa kutojua, halafu uilipie.

Sasa, unampataje? Kwanza, angalia jina lake kwenye tovuti ya LSK. Cheti cha kufanya kazi ya uwakili hutolewa upya kila mwaka, na hapo utaona kama yuko sawa. Usione aibu. Mwaka 2023 nchi nzima iliongea kuhusu kijana ambaye LSK tawi la Nairobi lilisema si wakili. Wale mabroka wanaokushika mkono nje ya korti, wapite.

Pili, muulize kama hufanya kesi za ajira. Aliyekuandikia mkataba wa ploti anaweza kuwa mzuri sana kwa mashamba tu. Kwa mshahara usiozidi Sh80,000 kwa mwezi, kesi inaweza kusikizwa na hakimu badala ya jaji wa Mahakama ya Ajira, kwa hivyo anayezijua korti za huku kwetu anaweza kukutosha. Si lazima ofisi yenye lifti Nairobi.

Tatu, bei iandikwe, pamoja na kazi yenyewe: ni mashauriano ya mara moja, ni kuandika mkataba, au ni kesi nzima? Dai risiti. Akikuambia utamlipa tu mkishinda, ondoka. Sheria ya Mawakili haitambui mkataba wa namna hiyo.

Nne, nenda na karatasi zako: mkataba kama upo, rekodi za mshahara na likizo, barua za onyo, meseji zote. Na usimfiche kitu. Ule uongo unaomwambia leo atausikia kortini kutoka kwa wakili wa upande wa pili.

Si kila jambo linataka wakili. Mkizozana kuhusu likizo au overtaimu, afisa wa leba wa serikali anaweza kuwasikiza bila nyinyi kulipa. Lakini ukipata barua ya madai au samansi, usiiweke chini ya kaunta. Usipojibu, kesi inaweza kuendelea bila wewe.

Anti aliishia kulipa notisi, likizo na mshahara wa miezi mitatu, wakaelewana nje ya korti. Zaidi ya Sh100,000, bila kuhesabu pesa za wakili wake mwenyewe. Wakili huyo alikuwa amemtoza Sh5,000 siku ya kwanza, kwa saa moja ya mashauriano. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Mama, kwa nini hukuja kabla ya kupiga ile simu?"

Sasa ana kijana mwingine dukani. Mkataba ni kurasa mbili, uko kwa faili, na kila mmoja ana nakala yake. Wewe wako uko wapi?