Msiseme Hawajulikani

Vijana wenzangu, kuna usemi mmoja unaotuharibia kazi, na nataka tuuzike leo hii: "mashujaa wasiojulikana." Umezoeleka mno. Kila anayeandika shairi la vita anaubandika kwenye ubeti wa mwisho, machozi yanamlengalenga msomaji, makofi yanapigwa, basi, yamekwisha. Mimi nasema huo ni uvivu. Nasema zaidi ya hapo: ni uongo. Hakuna maiti asiyejulikana. Kila aliyekufa alikuwa na mama aliyempa jina na jirani aliyemwita kwa jina hilo jioni. Kilichotokea ni kwamba mtu mwenye kalamu na madaraka hakuona sababu ya kuliandika. Kutojulikana ni jambo moja, kutoandikwa ni jingine kabisa, na sisi tunaojiita waandishi ndio tulipaswa kuwa wa kwanza kuiona tofauti hiyo.

Ushahidi wangu nimeufuata mbali: Thailand, mkoa wa Kanchanaburi, mashambani, peke yangu juu ya pikipiki ya kukodi ya cc 125. Kuendesha kule si taabu kwa mtu wa kwetu, maana wanapita kushoto kama sisi, petroli unauziwa hadi kwenye chupa kando ya njia, na pande zote mbili za barabara namba 323 ni miwa na mihogo, mihogo na miwa, mpaka milima inapoanza. Sikwenda kupiga picha za machweo. Nilikwenda kusoma makaburi.

Kwa wasioijua habari yenyewe, ni hivi. Mwaka 1942 jeshi la Japani lilitaka njia ya kupelekea silaha na chakula Burma, ambayo wazee wetu waliita Bama na leo inaitwa Myanmar. Njia ya bahari ilikuwa ya hatari. Wakaamua kujenga reli ya kilomita 415, kutoka Thailand hadi Thanbyuzayat upande wa Burma, kupitia msitu, miamba na mito. Ilimalizika Oktoba 1943, mwaka na kitu tu tangu kuanza. Ukisikia kazi kama hiyo imekwisha haraka namna hiyo, usiulize mashine zilikuwa ngapi. Uliza watu walikuwa wangapi.

Watu walikuwa wa namna mbili. Kwanza mateka wa vita: Waingereza, Waaustralia, Waholanzi na Wamarekani wachache, zaidi ya 60,000 kwa jumla. Kati yao zaidi ya 12,000 walikufa kwa njaa, kipindupindu, malaria, kuhara damu, vidonda na kipigo. Namna ya pili ni vibarua wa Kiasia: Watamil kutoka mashamba ya mpira ya Malaya, Wamalay, Wachina, Waburma, na watu wa Java. Hao walikuwa wengi kuliko mateka mara tatu au zaidi. Wengine walidanganywa kwa ahadi ya mshahara mzuri, wengine walikamatwa tu kama kuku. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba kama 90,000 kati yao walikufa, na wako wanaotaja idadi kubwa kuliko hiyo.

Sasa ingia makaburini. Katikati ya mji wa Kanchanaburi kuna makaburi ya mateka karibu 7,000. Majani yamekatwa kama zulia, maua yamepandwa mbele ya kila kaburi, na karibu kila kaburi lina bamba lenye jina, namba ya jeshi, tarehe na umri. Mengine yana maneno yaliyochaguliwa na mama au mke. Ng'ambo ya mto, Chungkai, kuna makaburi mengine kama hayo. Sina kinyongo nayo. Kijana wa miaka 22 aliyekufa kwa kipindupindu mbali na kwao anastahili jiwe lake na waridi lake, na mwenye kumdhihaki maiti hana akili nzuri.

Lakini uliza: wale 90,000 wako wapi? Hapo ndipo panapouma. Walizikwa kwa makundi, kandokando ya njia walipoangukia. Mwaka 1990 mashimo yalifukuliwa karibu na mji, kwenye ardhi ya kilimo, yakatoa mifupa ya mamia ya watu. Arobaini na kitu ya miaka watu wale walikuwa chini ya mazao, wakati watalii wanapanda treni kwenda kuona daraja. Ndiyo maana nikiwa juu ya pikipiki sikuweza kuyatazama mashamba yale kama mtalii anavyoyatazama.

Na hilo daraja lenyewe, loo! Waandishi, tegeni masikio, maana hapa tunaguswa sisi. Mwaka 1952 Mfaransa Pierre Boulle alitoa riwaya yake ya daraja la mto Kwai. Mwaka 1957 ikatoka filamu, ikazoa tuzo saba za Oscar. Filamu haikupigwa Thailand, ilipigwa Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo. Ndani yake daraja ni la mbao na linalipuliwa kwa baruti. Daraja la kweli ni la chuma, lilibomolewa kwa mabomu ya ndege, na baada ya vita lilitengenezwa, treni inapita hadi leo. Shida zaidi ni kwamba mto uliopita chini ya daraja haukuitwa Kwai. Uliitwa Mae Klong. Watalii walipoanza kumiminika wakiutafuta mto wa sinema, Thailand ilifanya nini? Miaka ya 1960 ilibadilisha jina la kipande kile cha mto, kikaitwa Kwae Yai, ili kifanane na hadithi.

Soma tena hapo. Mto, maji yenyewe yanayotoka milimani, ulibadilishwa jina kumridhisha msomaji wa riwaya. Halafu mtu aje aniambie fasihi haina nguvu, eti ni mambo ya kupitishia muda vijiweni! Fasihi inaubatiza mto upya. Basi kama ina nguvu hiyo, lazima tuulize ilizitumia wapi. Katika hadithi ile iliyozunguka dunia nzima, kisa ni cha maofisa wa Kizungu na ofisa wa Kijapani wanaoshindania heshima. Yule Mtamil hana kisa. Hadithi ilimzika mara ya pili, na safari hii kwa rangi na muziki.

Najua mtakachosema, maana nimekisikia tayari. Wa kwanza atasema: "Ndugu, mateka wana majina kwa sababu kumbukumbu zao zilikuwepo. Za vibarua hazikuwepo. Usilete siasa kwenye suala la makaratasi." Ahsante. Umenirahisishia kazi. Hebu tuulize kumbukumbu za mateka zilitoka wapi. Hazikushushwa na malaika. Ziliandikwa. Kambini mtu alikuwa anaweza kuuawa kwa kukutwa na shajara, lakini waliandika: madaktari waliandika nani amekufa na kwa ugonjwa gani, maofisa waliandika majina na mahali kaburi lilipo, karatasi zikafichwa ndani ya mianzi, nyingine zikafukiwa makaburini pamoja na maiti. Mmoja wao, daktari wa Australia Edward Dunlop, shajara zake zilichapwa kitabu mwaka 1986. Vita vilipokwisha, wenzao walirudi wakafukua karatasi na mifupa vyote viwili.

Vibarua hawakuwa na ofisa wa kuwaandikia, na wengi hawakufundishwa kuandika. Kipindupindu cha mwaka 1943 kilipoingia kambi zao hakukuwa na daktari wa maana. Mume, mke na mtoto walikwenda pamoja, asibaki wa kusimulia. Na vita vilipokwisha, nani alirudi kuwatafuta? Na msiniambie hakuna aliyejua kuhesabu. Mashamba ya mpira yalikuwa na daftari za vibarua. Mtamil alihesabika vizuri sana alipokuwa anagema utomvu. Alipokufa ndipo hesabu ikawa ngumu. Kwa hiyo ndiyo, ni suala la makaratasi. Karatasi ndiyo siasa yenyewe.

Wa pili atasema: "Hayo ni ya Waasia na Wazungu. Sisi yanatuhusu nini?" Wewe ndiye niliyekuandikia hasa. Hilo neno manamba unalijua? Vibarua wa mashamba ya mkonge, waliotolewa makwao mbali wakaitwa kwa namba badala ya majina. Mtamil wa Malaya ni manamba mwenzao kwenye zao jingine. Na Kariakoo unapokwenda kununua viatu, unajua unatamka nini? Unatamka jina la jeshi la wapagazi, wale waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918 dhidi ya Mjerumani. Walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Mwaka 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, waliokufa wakiitumikia dola ile katika vita hivyo, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni Waafrika na watu wa Misri. Zaidi ya miaka mia kupita ndipo wanakiri!

Pale Samora, katikati ya Dar es Salaam, sanamu ya Askari imesimama tangu 1927 na bunduki yake. Unapanga kukutana na mshikaji pale, unakula karanga, unaondoka. Tafuta jina la mtu hata mmoja chini ya sanamu ile. Hulioni. Ni jiwe zuri, lakini ni jiwe la "wote", na "wote" hana mama.

Vita vya pili navyo vilitufikia. Askari wa Keya wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na kwingineko, walipigana Burma mwaka 1944. Hawakuifikia reli ninayoisema. Wao walikuwa mamia ya kilomita mbali, bonde la Kabaw, kwenye tope na mvua za masika ya kule, mpaka wakaufikia mto Chindwin. Lakini adui ni yuleyule, vita ni ileile. Februari 1944 meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa ilizamishwa na Wajapani kwenye Bahari ya Hindi. Zaidi ya watu 1,200 walikufa, mamia yao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Hao, safari hii, majina yao yaliandikwa kwenye mawe. Sawa, lakini jina tu kwenye jiwe si habari ya mtu. Nani kati yetu ameandika hadithi moja ya meli ile? Wangapi tumeshaandika riwaya ya mapenzi ya chuo, na wangapi tumemkalisha chini mtoto wa Keya tukamuuliza baba yake alirudi vipi?

Msinielewe vibaya, simwambii kila mtu akakodi pikipiki aende Thailand. Na siwaambii mwandike mashairi ya huruma kwa Watamil. Watamil wenyewe wameamka: mwaka 2023 Watamil wa Malaysia walisimamisha jiwe lao pale Kanchanaburi, kwenye hekalu moja. Kizazi cha wajukuu ndicho kilichofanya, baada ya dola zote kubwa kupita na kuondoka. Hawakungoja Uingereza, wala Japani, iliyosimamisha mnara wake wa kuwakumbuka marehemu mwaka 1944, wakati vibarua na mateka wangali mikononi mwake. Fikiria: muuaji anakuwahi hata kwenye kuomboleza.

Ninachodai kwenu ni kidogo na ni kigumu. Mzee aliyeijua Keya mwenyewe karibu kwisha. Lakini wajane wapo, watoto wao ni wazee sasa, wapo Mbagala, wapo Kisumu, wapo Songea. Wapo pia wana wa manamba waliozaliwa kwenye kambi za mkonge. Nendeni na daftari. Ulizeni jina lote, la baba na la babu, kijiji, mwaka aliochukuliwa, nani alimchukua, kama alirudi. Mkipata jina moja tu, liandikeni lilivyotamkwa, msilipambe. Halafu ndipo mtunge, mkitaka kutunga.

Na kwa wahariri wa jarida hili, nawaomba bila kuzunguka: shairi lolote lijalo lenye "shujaa asiyejulikana" mrudishieni mwenyewe. Mwulizeni ametafuta wapi, amemwuliza nani, akakosa nini. Kama hajatoka hata nje ya mlango wake kutafuta, basi asiyejua ni yeye. Marehemu alijulikana.