Mashine ya mionzi haijiendeshi, kijana ifikirie kazi hii

Ukiulizwa unataka kuwa daktari wa nini, utasema upasuaji, moyo au watoto. Ni nadra kusikia kijana akisema, "Nataka kutibu saratani kwa mionzi." Wengi hata hawajui kazi hiyo ipo.

Ila bili zake tunazijua. Ni wiki gani imepita bila mtu kuomba mchango wa matibabu kwenye WhatsApp ya familia? Makadirio ya GLOBOCAN ya 2022 yanaonyesha Wakenya zaidi ya 44,000 hupatikana na saratani kila mwaka, na zaidi ya 29,000 hufariki.

Zamani, aliyetegemea hospitali ya umma kwa tiba ya mionzi alikuwa hana budi kufunga safari hadi Kenyatta, Nairobi. Siku hizi mashine zipo hata Nakuru na Mombasa. Ni hatua nzuri, lakini mashine haijiendeshi. Lazima daktari aamue mionzi ipigwe wapi hasa, kwa kiasi gani na mara ngapi, ili uvimbe ufe na viungo vya karibu visiungue. Lazima mwanafizikia akague dozi. Lazima mtaalamu amlaze mgonjwa vilevile kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, pengine kwa wiki 5 au 6. Akikosekana mmoja wao, foleni inakwama na uvimbe hausubiri.

Sitakudanganya, safari ni ndefu. Shahada ya udaktari ni miaka 6, mafunzo ya kazini mwaka 1, kisha uzamili takriban miaka 4, na Chuo Kikuu cha Nairobi kinaufundisha. Hiyo ni miaka 11, bila kuhesabu migomo. Najua utaniuliza, "Na kazi je?" Swali ni la haki. Mwaka wa 2024 madaktari waligoma siku 56, na ajira ya wanagenzi ilikuwa kiini cha mvutano. Serikali inayonunua mashine bila kuajiri watu inapamba vyumba tu.

Hata hivyo, usiikimbie. Kama udaktari hauupati lakini fizikia inakuingia, bado una nafasi kwenye timu hiyo. Unapojaza fomu za chuo, usitazame tu jina linalosikika vizuri mtaani. Jiulize pia: siku mamangu akihitaji mionzi, nani atakuwa upande wa pili wa kioo?