Picha moja haitoshi: darubini ndogo na vijana wa Kivu

Mashariki mwa Kongo, watoto wengi wamejifunza kutazama juu kwa woga. Mlio ukisikika angani usiku, mama anazima taa, anavuta watoto ndani, na kila mtu anatega sikio: ni radi, ni ndege, ama ni bomu? Kwa familia ambazo zimehama mara mbili au mara tatu, usiku si wakati wa kutazama nyota. Ni wakati wa kuhesabu watoto kama wote wapo.

Ndiyo sababu wazo la kuleta darubini katika shule ya mtaa linaweza kuonekana kama mzaha. Watu wanatafuta unga, maji na turubai, halafu mtu anawatajia nyota! Lakini wazo hilo lisitupwe haraka. Siku hizi kuna darubini ndogo zinazopiga picha za anga la mbali, na namna zinavyofanya kazi ina somo juu ya jambo ambalo watu wa Kivu wanalijua kwa uchungu: picha moja ya uongo ndani ya simu inaweza kuhamisha mtaa mzima.

Chombo chenyewe kieleweke kwanza. Darubini hizo huitwa darubini janja, kama vile kunavyosemwa simu janja. Mojawapo inayojulikana sana ni Seestar S50 ya kampuni ZWO ya China, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 2023. Uzito wake ni kilo mbili na nusu, na lenzi yake ina upana wa milimita 50. Haina mahali pa kuweka jicho. Mtu anaisimamisha juu ya miguu yake mitatu, anaiunganisha na simu, kisha anachagua jina la kitu anachotaka kuona. Mashine inageuka yenyewe, inapiga picha ya anga, inalinganisha nyota na ramani yake, inajua imeelekea wapi, na inaanza kufuata kitu hicho polepole kadiri dunia inavyozunguka. Betri yake inadumu kama saa sita. Intaneti inahitajika siku ya kwanza ya kuiandikisha. Baada ya hapo simu na darubini zinaongea zenyewe hata mahali pasipo na mtandao.

Vitu inavyotafuta ni hafifu mno: mawingu ya gesi ambamo nyota zinazaliwa, makundi ya nyota, na galaksi zilizo nje ya hii yenye jua na dunia. Jicho la mtu haliwezi kukusanya mwanga kwa muda mrefu, na gizani halitofautishi rangi vizuri. Darubini inaacha mwanga uingie kwa sekunde 10, inahifadhi picha hiyo, halafu inapiga nyingine, na nyingine tena.

Picha ya kwanza inakatisha tamaa. Ni nyeusi, imejaa chenga, na katikati kuna doa la kijivu ambalo mtu hawezi kuapa kama lipo kweli. Chenga hizo si nyota. Zinatokana na kifaa chenyewe na mwanga wa anga unaobadilikabadilika. Lakini chenga hazikai mahali pamoja: katika picha ya pili ziko kwingine, katika ya tatu kwingine tena. Kitu cha kweli ndicho kinachobaki palepale. Programu inapanga picha zote moja juu ya nyingine na kutafuta wastani wake. Picha nne zikikutana, chenga zinapungua hadi nusu. Kumi na sita zikikutana, zinabaki robo. Saa moja ina picha 360, na hapo chenga zimepungua karibu mara 19. Doa la kijivu limekuwa wingu lenye mikunjo na rangi nyekundu ya gesi ya haidrojeni. Haba na haba hujaza kibaba.

Kuna jambo lingine. Usiku huohuo setilaiti inaweza kupita na kuchora mstari mweupe katika picha moja. Anayeona picha hiyo peke yake anaweza kupiga kelele kwamba ameona ajabu. Lakini picha 359 nyingine hazina mstari huo. Zikiunganishwa zote, mstari unafifia hadi karibu kutoweka. Shahidi mmoja alisema kitu kimoja, wengine wote hawakukiona.

Sasa msomaji alinganishe na maisha ya hapa. Ujumbe unafika katika kundi la WhatsApp: “Wameingia.” Chini yake kuna picha ya watu wenye silaha barabarani. Hakuna anayeuliza picha ilipigwa wapi, lini, na nani mwingine ameona. Ndani ya dakika chache maduka yanafungwa, bei ya motari inapanda, mzazi anambeba mtoto mmoja wakati mwingine yuko kisimani. Kesho yake inajulikana kwamba picha ni ya miaka iliyopita, ama ya nchi nyingine kabisa. Na ubaya hauishii hapo. Uongo ukirudiwa mara nyingi, hata onyo la kweli linapuuzwa siku linapofika.

Wakaaji wa Goma wanakumbuka mwaka wa 2021. Tarehe 22 Mei volkano Nyiragongo ililipuka, na siku chache baadaye mamia ya maelfu ya watu waliondoka mjini kwa amri ya serikali, wengine wakielekea Sake, wengine Rutshuru, wengine Rwanda. Katika siku kama hizo, kujua habari ipi imepimwa na ipi imezushwa kunaweza kuokoa maisha.

Isieleweke vibaya. Risasi zikilia, mtu akimbie. Hakuna anayemwambia asubiri picha 360. Somo la darubini ni la saa zile za utulivu, wakati kidole kiko juu ya kitufe cha kusambaza. Kijana aliyekaa usiku mmoja akitazama doa la kijivu likigeuka ukweli kwa kuunganishwa na ushahidi mwingi, ameona kwa macho yake kitu ambacho hotuba mia juu ya uvumi haziwezi kumwonyesha.

Wanaopinga wana hoja, na zinastahili jibu. Ya kwanza ni pesa. Darubini hiyo inauzwa kwa mamia ya dola, kabla ya usafiri na ushuru. Ni pesa nyingi mahali ambapo mwalimu anaweza kumaliza miezi bila mshahara. Kwa hiyo msimamo uwe wazi: familia iliyohama isiombwe hata franka moja, na pesa ya chakula ama dawa isiguswe. Lakini wako wana wa Kivu walio Ulaya na Amerika ambao kila mwaka wanauliza wafanyie nini vijana wa nyumbani. Iko misaada ya shule inayoishia kwenye kompyuta ambazo zinafungiwa ofisini mpaka zinaharibika. Darubini moja inayozunguka katika shule kumi, ama inayotunzwa na kituo cha vijana kilicho wazi kwa wenyeji na kwa watoto wa kambi vilevile, si anasa kuliko hayo.

Kuna wanaosema pia kwamba chombo kama hicho ni cha watu wa nchi tajiri. Hao wasisahau vifaa vya elektroniki vinatoka wapi. Tantali iliyo ndani ya vifaa vingi vidogo inatokana na koltani. Bati inayounganisha nyaya zake inatokana na kasiterite. Madini hayo yanachimbwa Masisi, Walikale na kwingineko katika Kivu. Kijana wa Rubaya anajua uzito wa gunia la koltani mgongoni. Ni haki yake kujua pia linaweza kufanya nini likishafika mwisho wa safari.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: mashine inafanya kila kitu yenyewe. Mtoto anabonyeza simu, picha nzuri inatokea, na hakujifunza lolote. Hiyo ni kweli, darubini ikitumiwa vibaya. Picha ikionyeshwa ikiwa imekamilika, haina tofauti na picha yoyote ya mtandaoni, na mtoto ana haki ya kusema ni ya kutengenezwa. Kwa hiyo mwalimu aanze na picha ya kwanza kabisa, ile mbaya. Watoto wachore walichokiona. Wangoje picha kumi, wachore tena. Wangoje mia. Darubini iwekwe ihifadhi kila picha peke yake, ili anayetilia shaka afungue moja baada ya nyingine na kuhakikisha. Programu ya simu ina pia njia ya kusafisha picha kwa akili bandia; hiyo iachwe kando, kwa sababu inasafisha kwa kukisia, na kukisia ndiko kunakopigwa vita hapa. Na picha yoyote itakayobandikwa ukutani iandikwe mji, tarehe, saa, na idadi ya picha zilizounganishwa. Mtoto aliyezoea kudai maelezo hayo juu ya nyota, kesho atayadai juu ya video ya vita.

Hoja ya tatu ni usalama, na hapa hakuna mchezo. Kitu kilichosimama juu ya miguu mitatu gizani, kinachogeuka chenyewe kuelekea juu, kinaweza kudhaniwa kuwa silaha ama chombo cha kuongozea droni. Kisitolewe nje kwa siri. Mkuu wa mtaa ajulishwe, wazazi wajulishwe, wenye kushika ulinzi wajulishwe mapema na waone chombo mchana. Kikao kifanyike ndani ya ua wa shule, pamoja na watu wazima, na kisifanyike kabisa siku ambayo hali ni mbaya. Kama ruhusa haikupatikana, darubini ibaki kabatini. Nyota haziendi popote. Vilevile isielekezwe kwenye jua bila kichujio chake maalumu.

Jambo la kufurahisha ni kwamba mahali hapa ni pazuri kwa kazi hiyo. Ulaya ya kaskazini, wakati wa kiangazi, mtu anangoja karibu na usiku wa manane ili giza liingie. Hapa karibu na ikweta jua linazama saa kumi na mbili ya jioni mwaka mzima, na baada ya saa moja ya usiku anga limeiva. Kikao cha saa moja na nusu kinamalizika mapema, watoto wakarudi nyumbani. Bora zichaguliwe siku ambazo mwezi haujatoka, kwa sababu mwanga wake unafunika vitu hafifu.

Tena, kutoka ikweta karibu anga lote linaonekana katika mwaka mmoja, la kaskazini na la kusini. Mwezi wa kumi na moja kuna galaksi ya Andromeda, ambayo mwanga wake umesafiri miaka milioni mbili na nusu. Mwezi wa kwanza na wa pili kuna wingu la Orioni, umbali wa miaka ya nuru kama 1,300, na upande wa kusini Wingu Kubwa la Magellan, ambalo watu wa Paris na Brussels hawalioni kamwe wakiwa kwao. Mwezi wa nne kuna wingu la Carina. Mwezi wa sita kuna Omega Centauri, kundi la nyota karibu milioni 10. Ila kuna mtego mmoja: hapa Orioni inapita karibu na utosi, na darubini ya aina hii inapata shida kufuata kitu kilicho juu kabisa ya kichwa. Ipigwe mapema, ikiwa bado upande wa mashariki.

Na wazee wasiachwe nje ya ua. Kiswahili kina jina Kilimia kwa kundi dogo la nyota lililokaribiana, na jina hilo linatoka katika kulima. Katika kambi wamo wakulima waliotazama anga miaka mingi kabla ya kuacha mashamba yao, wenye majina ya nyota kwa Kihunde, Kinande, Kitembo ama Kinyarwanda. Mtoto awaulize, aandike. Wazee watatu wakitoa jina moja, hiyo nayo ni picha iliyounganishwa.

Darubini haitarudisha mtu shambani kwake, wala haitanyamazisha bunduki. Inachoweza ni kumpa kijana mazoea ya kusema: hiyo ni picha moja, nionyeshe nyingine. Kidole kimoja hakivunji chawa, na picha moja haisimamishi ukweli. Shule moja ikianza, pamoja na ruhusa, pamoja na wazazi, itakuwa imetosha kwa mwanzo. Na usiku huo, kwa saa moja na nusu, watoto wa mtaa na watoto wa kambi watatazama juu bila kukimbia.