Bastola ya Kwanza? Anza na Mlango Kwanza, Ngosha!

Leo hakuna habari ya nani kamwacha nani, wala nani kanunuliwa gari na nani. Leo nataka tugombane kidogo, na ukimaliza kusoma ukinitukana sawa tu, ila soma mpaka mwisho.

Swali ninaloulizwa sana siku hizi na vijana wenzangu wa hapa Kiloleli mpaka Lamadi na Bariadi ni hili: "Kaka, nataka bastola ya kulinda nyumba, nianze na ipi?" Wanauliza kama mtu anayechagua simu. Yenye risasi nyingi au chache? Nyeusi au ya kung'aa? Ukimuuliza wazo kalitoa wapi, anakuonesha picha. Staa mmoja wa Bongo (jina kapuni, mnamjua wenyewe) kakaa kitandani, noti zimetandazwa, bastola juu ya noti, na maneno ya kujisifu kwamba kwake mwizi haingii. Laiki maelfu. Chini yake vijana wa mikoani wanaandika "Mungu nisaidie na mimi".

Jibu langu ni moja: usianze na yoyote. Anza na mlango.

Najua mnasema nimeanza ushamba. Twende taratibu.

Kwanza huyo staa. Kwenye picha hujaoneshwa ukuta wa nyumba yake, geti, kamera, mlinzi wa kampuni getini na bodigadi anayelala chumba cha nje. Hivyo ndivyo vinavyomlinda. Ile bastola ni pambo, kama cheni na miwani. Mwingine ya kwenye video wala si ya kweli. Sasa wewe unayelala nyumba yenye mlango wa mbao unaofungwa kwa komeo moja unachukua pambo lake, unaacha ukuta wake. Hapo nani mshamba?

Na mtu mwenye silaha halali na akili timamu haiposti. Ukiposti umewaambia majambazi wote wa kanda ya ziwa kwamba kwako kuna mali moja ambayo wao wanaitaka kuliko televisheni. Mwizi wa kuku anatafuta kuku. Jambazi anatafuta bastola. Umejitangazia mnada mwenyewe.

Sasa nisionekane nacheka hofu za watu. Hofu ni ya kweli. Msimu wa pamba pesa taslimu inatembea huku kwetu. Wakala wa pesa anafunga kibanda saa mbili usiku na begi mkononi. Bodaboda analala na pikipiki ya mkopo sebuleni. Mfugaji anaamka anakuta zizi liko wazi. Mtu aliyewahi kusimama gizani akasikia mlango wake unasukumwa na watu wenye mapanga, huwezi kumwambia "tulia tu, Mungu yupo". Ana haki ya kulala salama. Swali ni moja tu: bastola itampa huo usalama?

Tufanye basi umeamua. Nakuchukulia kwa uzito. Hatua ya kwanza si dukani. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka kibali, na kibali hakianzii mjini, kinaanzia kwenu. Unaanza na serikali ya kijiji au mtaa, unapanda kwenye kamati ya ulinzi na usalama ya kata, unakwenda wilayani, unakwenda mkoani kule Bariadi. Maana yake wanaokujua ndio wanaoulizwa kwanza: huyu akilewa anakuwaje? Nyumbani anapiga mke? Ana ugomvi wa shamba na nani? Kwa maoni yangu maswali hayo yana akili kuliko swali la rangi ya bastola. Na ukipata, hujamaliza. Mwaka 2016 wamiliki wa silaha nchi nzima waliitwa kuhakikiwa, mtu na silaha yake na karatasi zake.

Wale wanaosema "mimi kuna jamaa ataniuzia kimyakimya" niwaambie mapema: silaha bila kibali inakwenda na kesi ya uhujumi uchumi, na hukumu za miaka 20 jela si hadithi. Utakuwa umejilinda dhidi ya kuibiwa televisheni, ukapoteza ujana wote.

Haya, umepata kibali. Sasa aina. Ziko mbili kubwa. Kuna ile ya kizamani yenye tumbo linalozunguka, risasi tano au sita, haina mambo mengi, haikwami ovyo. Na kuna ile ya magazini inayochomekwa kwenye mpini, mara nyingi ya milimita 9, risasi kumi na zaidi. Ya pili ndiyo ya kwenye video. Inataka mkono uliozoea, maana unaweza kutoa magazini ukadhani imeisha, kumbe risasi moja imebaki kwenye chemba. Risasi hiyo moja iliyosahaulika imeua watu wengi duniani kote, mtu anasafisha silaha, au anamwonesha rafiki.

Lakini aina ndiyo jambo dogo. Jambo kubwa ni hili, na hakuna muuzaji atakayekwambia: utaiweka wapi usiku?

Ukiifungia kwenye sefu, risasi mbali na bastola mbali kama inavyotakiwa, mwizi akivunja mlango saa nane usiku umeme umekatika, una sekunde ngapi? Utafute funguo gizani, ufungue, ujaze, utoke. Wao wameshafika kitandani. Ukiiweka chini ya mto ikiwa imejazwa, mwizi anaweza asije miaka kumi, lakini mtoto wako yupo kila siku. Na mtoto wa kwetu hapekui kwa ubaya, anapekua kwa sababu ameona kwenye simu yako yule staa anavyoishika. Kwa hiyo chagua: ikiwa salama kwa mtoto, haikusaidii kwa mwizi. Ikiwa tayari kwa mwizi, iko tayari kwa mtoto pia. Kuna visanduku vya ghali vya kufungua kwa alama ya kidole, lakini kama una pesa hiyo, kwa nini mlango wako bado ni wa mbao laini?

Halafu angalia nyumba zetu zenyewe. Nyumba moja watu tisa. Shangazi kaja kutibiwa, mdogo wako kamaliza kidato cha nne yupo tu, mtoto wa jirani kalala kwenu. Choo kiko nje. Usiku mzima kuna mtu anatembea. Saa tisa unasikia komeo la mlango wa uani linalia. Ni nani? Mwenye rungu atauliza "nani wewe?" Mwenye bastola na hofu anaweza asiulize.

Msiseme natunga. Oscar Pistorius wa Afrika Kusini mnamjua, yule mkimbiaji wa miguu ya bandia. Alfajiri ya Februari 14, 2013, sikukuu ya wapendanao, akiwa nyumbani kwake Pretoria alifyatua risasi nne kupitia mlango wa choo. Bastola ya milimita 9, yenye kibali. Alisema alidhani ni mwizi. Ndani ya choo alikuwa mpenzi wake, Reeva Steenkamp, mwanamitindo. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ilimtia hatiani kwa mauaji. Tuache ubishi wa alijua au hakujua. Mtu ana nyumba ndani ya eneo lenye ukuta na walinzi, ana pesa, ana mazoezi ya shabaha, na bado risasi zake za "kulinda nyumba" zilimpata mtu aliyekuwa analala naye. Wewe wa chumba na sebule una nini zaidi yake?

Na risasi haisimami kwa adui. Inapita mlango wa mbao, inapita bati, na nyuma ya ukuta wako wa udongo kuna chumba cha mama.

Sasa nakuja kwenye ukweli mchungu ambao wanaume wenzangu hawapendi. Adui wa bastola ya nyumbani mara nyingi hatoki nje. Mwaka 2022 hapo Mwanza kuna nyumba ambayo nchi nzima iliililia: mwanamke aliuawa kwa risasi ndani ya nyumba ya ndoa yake, na aliyetajwa kufanya hivyo alikuwa mume, ambaye naye alikutwa amekufa. Hakukuwa na jambazi. Kulikuwa na ndoa, hasira, na bastola karibu. Bila bastola hasira ile ingeweza kuisha kwa kelele, kwa kikao cha wazee, kwa talaka. Vitu vinavyouma lakini watu wanabaki hai.

Wenzetu Marekani wana silaha kuliko nchi yoyote, basi tuwaulize wao. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi kule, na zaidi ya nusu walijiua wenyewe. Utafiti uliotoka mwaka 1993 kwenye jarida kubwa la tiba la huko ulikuta nyumba zenye bunduki zinahusishwa na hatari ya mtu kuuawa ndani ya nyumba hiyo karibu mara tatu, na wauaji wengi walikuwa ndugu au watu wanaofahamiana. Ndugu, si majambazi. Sasa fikiria kijana aliyeliwa pesa zote kwenye kubeti, anadaiwa na vikoba, kakaa peke yake usiku na ile "bastola ya kulinda nyumba" iko chini ya mto.

"Lakini nikiwa nayo sitaonewa." Kweli? Tarehe 25 Agosti 2021 Dar es Salaam, karibu na Ubalozi wa Ufaransa, mchana kweupe, mtu mmoja mwenye bastola aliua askari polisi watatu na mlinzi mmoja. Askari wenye mafunzo, wenye bunduki, wakashtukizwa, na bunduki zao zikachukuliwa. Kama aliyefundishwa kazi hiyo anaweza kushtukizwa akiwa macho, wewe utakayeamshwa usingizini na wanne wenye mapanga utaanzia wapi?

Na sisi watu wa Simiyu bunduki hatukuzijua kwenye video. Tunayajua magobore ya ujangili. Januari 2016, rubani Mwingereza Roger Gower alipigwa risasi akiwa angani kwenye helikopta pale Pori la Akiba Maswa, akafa akiwasaka majangili wa tembo. Tunajua silaha ikishaingia mkononi mwa mtu inamtafutia kazi.

Basi tufanye nini, tukae tuibiwe? Hapana. Wasukuma hatukuwahi kukaa tuibiwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe na unyang'anyi ulipozidi upande wa Kahama na Shinyanga, wazee walianzisha sungusungu. Upinde, filimbi, na mwano. Mwano ukipigwa, anayebaki kitandani anajibu kesho yake. Nguvu yake haikuwa upinde. Ni kwamba mwizi hakukutana na mtu mmoja, alikutana na kijiji. Sisemi walikuwa malaika. Kuna watu walipigwa na kuhukumiwa bila mahakama, na hilo lisirudi, ukimkamata mtu mpeleke kituoni. Lakini niulizeni leo: jirani yako wa kushoto una namba yake? Mkipiga yowe usiku nani anatoka? Wengi wetu tunataka bastola kwa sababu hatusalimiani.

Kwa hiyo orodha yangu ya "silaha ya kwanza" ni hii. Mlango wa chuma au mbao nzito, fremu iliyoshika ukuta, makomeo mawili. Nondo za dirisha. Taa ya sola ya nje inayowaka mtu akipita. Mbwa, hata koko, anabweka bila kibali cha mtu. Filimbi kila chumba. Kundi la simu la majirani kumi na namba ya mtendaji na kituo cha polisi, na 112 kichwani. Na pesa isilale nyumbani. Wakala, weka benki mapema, badilisha njia na saa ya kurudi, usitembee peke yako. Vyote hivyo mtoto akivichezea usiku, asubuhi anakwenda shule.

Kama kazi yako kweli inadai silaha, fuata kibali, jifunze, nunua sefu kabla ya bastola, na ufunge mdomo. Kama unayo isiyo na karatasi, kumbuka Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba kuwa mwezi wa kusalimisha silaha haramu, na polisi wetu wamekuwa wakitangaza msamaha. Ikitangazwa, irudishe.

Na nyie mastaa, jina kapuni wote: safari nyingine posti geti lako. Posti mlinzi wako, mtaje jina, mwongezee mshahara. Huyo ndiye anayekulaza usingizi.

Haya wadau, uwanja wenu. Ila kabla hujaandika nipo upande gani, nijibu kwanza: usiku wa leo, kwenu, itawekwa wapi?